Dobi na Mita Sitini

Dobi alichaguliwa kuwa mwenyekiti kwa kosa moja tu: hakuwepo.

Sheria yenyewe ilikuwa imepita bungeni bila kelele nyingi. Ilikuwa sheria ya kulinda milango ya mito, yaani pale mto unapokutana na bahari, na kuirudisha katika hali yake ya kabla ya kuharibika. Ilisema kila mlango wa mto uwe na kamati ya wakazi, kamati iwe na mwenyekiti, na mwenyekiti asilipwe. Hilo la mwisho ndilo lililowafanya watu waje ukumbini na visingizio tayari. Kinyozi alisema mgongo. Mwalimu mstaafu alisema macho, ila alikubali ukatibu kwa sababu hajawahi kuikataa kalamu. Muuza Mbao, mtu asiyehitaji kipaza sauti hata akiwa msibani, alisema yeye ni mtu wa kazi, si mtu wa maneno, kisha akaongea robo saa nzima. Ndipo sauti moja kule nyuma ikasema, "Mpeni Dobi. Hayupo, hawezi kukataa."

Ukumbi ukapiga makofi. Wakati huohuo Dobi akaingia, mashati ya diwani yamening'inia begani kwenye henga, akadhani makofi ni ya mashati. Akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu. Wakaandika kwamba amekubali.

Waliompigia makofi walidhani wamepata mtu wa kukaa kitini na kusinzia. Wangemwuliza mteja wake yeyote, wangempigia mtu mwingine. Kuna madobi ambao doa likiwashinda hulikunja kwa ndani, shati likaonekana jipya mpaka ulivae. Huyu alikuwa analigeuza juu, analiweka mbele ya macho yako kabla hujatoa pesa, anasema, "Hili limenishinda." Wateja wengine walikuwa wanakereka. Mtu hapendi kuonyeshwa doa lake asubuhi na mapema. Lakini walikuwa wanarudi, na walikuwa wanamwachia nguo zenye vitu mifukoni bila wasiwasi.

Yadi haikuwa yake. Ilijengwa na mama mkwe wake, mwanamke mfupi mwenye viganja kama makasia, ambaye alimfundisha kazi kwanza, akamtazama sana, ndipo akamruhusu kumwoa binti yake. Yeye ndiye aliyesimamia kujengwa kwa mabeseni ya saruji, akayasugua kwa jiwe mpaka yakawa laini yasichune kitambaa. Kamba za kuanikia zilikwenda kutoka uzio hadi uzio, na upepo wa mtoni ulikausha shuka kabla hujamaliza kubana la pili. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba cha pasi, na meza pana iliyovikwa mablanketi, na dirisha lililotazama maji. Mama mkwe alipofariki aliacha vyote hivyo kwa binti yake, na binti yake hakuwahi kumkumbusha mumewe hata siku moja kwamba ni vyake. Yeye alikuwa anashona vifungo na kutia uzi wa rangi ndani ya kila kola, kila mteja na rangi yake, ili shati la diwani lisiishie mgongoni kwa kinyozi.

Dobi alipoletewa nakala ya sheria, hakuwa na nafasi ya kuisoma. Basi mkewe akawa anamsomea huku yeye anapiga pasi. Walikwenda nayo hivyohivyo, kifungu kwa shati. Pakiwa pagumu, pasi inasimama, mkewe anarudia. Ikifika sehemu ya adhabu wanacheka, kwa sababu wanajua nani na nani itawahusu.

Na kazi ilikuwepo. Mlango wa mto ulikuwa umezibwa kama koo lenye donda. Mchanga ulijaa, mikoko ilikatwa, waosha magari walisimamisha malori ndani ya maji yenyewe, na fundi wa gereji alimwaga oili chafu palepale kama anamwagilia bustani. Mvua zikinyesha, maji ya mto hayakuwa na pa kutokea. Yalirudi nyuma, yakaingia sokoni, yakaingia zahanati. Mwaka uliotangulia wakunga walizalisha mama mmoja juu ya meza, maji ya kahawia yakiwa yamewafika magotini. Watu waliilaumu mvua, kwa sababu mvua haijibu.

Dobi alianza na alichokuwa nacho, yaani kapu la nguo na miguu. Kila alipopeleka nguo aliwatajia watu kifungu kimoja, si viwili. Waosha magari walimwita mwenda wazimu, na yeye akawa anakuja kila asubuhi kuwasalimia na kuwauliza wanahama lini, bila kukunja uso, bila kuchoka, mpaka mmoja akasema, "Jamani tuhame, mzee huyu atatuua kwa salamu." Wakahama. Fundi wa gereji alikuwa mgumu zaidi. Dobi akakataa kumfulia ovaroli. Alisema oili inayotoka kwenye ovaroli itakwenda palepale inapokwenda ile nyingine, na yeye hataki kuwa mkono wa pili. Fundi alivaa ovaroli chafu mpaka mkewe akamfungia mlango. Wiki iliyofuata pipa la oili chafu lilionekana limesimama pembeni ya gereji, limefunikwa vizuri.

Bi Afisa wa Mazingira, ambaye alikabidhiwa milango ya mito mingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuizungukia, alimwambia, "Mzee, wenyeviti wote wangekuwa kama wewe, mimi ningelala." Dobi alifurahi kama mtoto. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe mara mbili.

Ilikuwa jioni hiyohiyo walipofika kwenye kifungu cha mpaka.

Mkewe alisoma, "'Eneo la hifadhi litakuwa mita sitini kutoka ukingo wa maji makubwa kuliko yote ya mwaka. Ndani ya eneo hilo hakutakuwa na jengo, yadi wala karakana, na waliomo watapewa viwanja mahali pengine.'" Akageuka, akatazama dirishani.

"Mbona kimya?"

"Napima kwa macho."

Dobi akaiweka pasi kwenye kitako chake. Hakuhitaji kuambiwa anapima nini. Kwa maji ya kawaida, mita sitini zingeishia nje ya uzio, zikawagusa bila kuwauma. Lakini siku za bamvua, maji yanapojaa mpaka kukaribia njia ya lori, mita hizohizo zingeingia ndani. Hakuna aliyejua zingeingia kiasi gani.

"Na nani anapanga siku ya kupima?" Dobi akauliza, ingawa alikwisha kuogopa jibu.

Mkewe akateremsha kidole kwenye ukurasa. "'Siku itatangazwa na mwenyekiti.'"

Wakatazamana. Kisha mkewe akaikunja sheria, akaiweka juu ya kabati, akachukua sindano yake.

Habari zina miguu, na za mali zina miguu mirefu zaidi. Kesho yake Muuza Mbao alikuja na shati moja tu, jeupe, ambalo halikuwa chafu sana. Akakaa kwenye stuli ya wateja, na stuli ikalalamika.

"Ndugu yangu," akasema, kwa sauti ambayo kwake yeye ilikuwa ya chini, "sheria ni nzuri. Nani anaipinga? Mimi mwenyewe niliipigia makofi."

"Ulinipigia mimi."

"Ni yaleyale. Sasa sikiliza. Tangaza Jumatano ijayo, maji ya katikati, yasiyopanda mbali. Yule binti wa mazingira ana kazi nyingi mpaka puani, hawezi kuja kukuuliza mwezi ulikuwa wapi. Mimi nabaki na mbao zangu. Wewe unabaki na mabeseni ya marehemu mama. Kamati inapata mstari wake, serikali inapata ripoti yake. Niambie, nani kaumia?"

Dobi alikunja blanketi la meza ambalo halikuhitaji kukunjwa. Swali lilikuwa limekaa vizuri, na mtu aliyeuliza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanaosoma, na magogo yake yalikuwa palepale tangu enzi za baba yake.

Baada ya mgeni kuondoka alimgeukia mkewe. Kabla hajafungua mdomo, mkewe akasema, "Ukiniuliza mimi, nitasema Jumatano. Kwa hiyo usiniulize."

Hakumwuliza. Na hapa ndipo mtu anapomvulia kofia, kwa sababu kusimama imara na mali yako ni jambo moja, na mali ya mwenzio, aliyoachiwa na mama yake, ni jambo lingine kabisa. Angekuwa anatoa cha kwake, angetoa siku ya kwanza na kulala usingizi mzuri. Siku zile alikuwa anasuuza nguo moja mara tatu. Alimwita mteja wa kike "bwana". Aliwaza meza ile ya zahanati, akawaza viganja vya mama mkwe vikisugua saruji, na vyote viwili vilikuwa kweli. Mwisho akaliunguza shati la Muuza Mbao, alama nzima ya pasi katikati ya mgongo, kitu ambacho hakijawahi kumtokea tangu ajifunze kazi.

Alilipeleka mwenyewe. Alisimama kati ya mbao, akaligeuza mgongo juu, akaonyesha.

"Hili nimeliunguza mimi. Nitakununulia jingine. Na kupima ni siku ya bamvua kubwa."

Muuza Mbao alilitazama shati, akamtazama Dobi. "Ningekuwa mimi," akasema, "ningekuja na habari mbaya moja kwa siku."

Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Mkewe hakufoka, wala hakulia. Alimwekea chakula, alimwekea maji ya kuoga, alitia uzi kwenye kola za wateja kama kawaida, lakini maneno hakumpa. Dobi alizungumza peke yake kama redio iliyosahauliwa, kisha na yeye akanyamaza. Alikuwa na hakika kwamba ametenda haki, na alikuwa na huzuni iliyomkaa kifuani, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoisukuma nyingine itoke.

Siku ya kupima watu walijaa. Bi Afisa alikuja na tepu ndefu, vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, na jedwali la maji. Akalitazama jedwali, akamtazama mwenyekiti, akainamisha kichwa polepole kwa heshima. Alikuwa ameona mito mingine ambako siku zilichaguliwa kwa ustadi. Alieleza kazi: mmoja ashike mwanzo wa tepu kwenye ukingo wa maji, mwingine arudi nayo nchi kavu mpaka sitini, hapo kinapigwa kigingi.

"Nashika mwanzo mimi," akasema Muuza Mbao haraka, kwa kuwa alikuwa amevaa mabuti. Hakuna aliyetaka kuingia matopeni na viatu vyake vya heshima, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Dobi akashika upande wa pili, akarudi nao mpaka tepu ikakaza. Sitini ilimwangukia nje ya uzio wake. Moyo wake ukaruka, akauonea aibu.

"Subirini," akasema Bi Afisa. "Maji bado yanajaa."

Wakasubiri. Maji yakaja taratibu, bila mawimbi, yakisukuma chupa za plastiki mbele yake. Yakafika kwenye mabuti ya Muuza Mbao. Yakayazunguka. Yakapanda. Yeye alisimama palepale, ameshika mwanzo wa tepu, anatazama mbele kama askari wa gwaride.

"Bwana Mbao," akaita Mwalimu, "ukingo uko wapi?"

"Hapahapa!"

"Uko majini!"

"Haya ni matope!" Maji yalikuwa yamemfika chini ya magoti, na buti moja lilianza kunywa. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyetoka kwenda kumtoa. Kila mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na maji alikuwa anapigiwa hesabu na mtu yule mmoja aliyelowa. Bi Afisa akafungua kinywa kusema. Kabla hajasema, mtu akapita mbele yake.

Alikuwa mke wa Dobi. Alikuwa amesimama penye lango la yadi tangu asubuhi, mikono kifuani. Sasa alivua viatu, akatembea mpaka pale maji yalipokoma kweli, akasimama. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vikavu, na mbele ya vidole kulikuwa na maji.

"Shemeji," akasema, "ukingo uko hapa niliposimama mimi. Wewe unaoga."

Akanyoosha mkono. Muuza Mbao alisita, akautazama mkono ule kama anayedaiwa, kisha akatoka majini akampa mwanzo wa tepu. Akapata na mkono wa kumshika, maana buti lilibaki kwenye tope.

Tepu ikalegea mikononi mwa Dobi. Ili ikaze ilibidi arudi nyuma. Akarudi kinyumenyume, macho kwa mkewe. Akapita lango la yadi. Akapita chini ya kamba, shuka la mtu likampiga usoni. Akapita beseni la kwanza, la pili, yote. Kila maji yaliposogea mkewe alisogea nayo hatua moja, na kila aliposogea, Dobi alirudi hatua moja, mpaka maji yakachoka na mgongo wake ukagusa mlango wa chumba cha pasi. Sitini ikawa chini ya kidole gumba chake.

Yadi yote ilikuwa ndani ya mita sitini. Kilichobaki nyuma ni chumba kimoja.

Mwalimu, ambaye mashati yake yalifuliwa hapo tangu ujana wake, alikohoa. "Mwenyekiti, kamati inaweza kuafiki kakona kadogo hapa. Mstari unazunguka mabeseni, unarudi. Ni yadi ya zamani. Atakayelalamika nani?"

Sauti za kuafiki zikapita kwa watu, na zilikuwa za upendo kweli. Dobi hakumtazama Mwalimu. Alikuwa anamtazama mkewe, ambaye alikuwa bado chini kule ukingoni, tepu mkononi.

"Mama yangu alijenga hapa kwa sababu ya maji," mkewe akasema, kwa sauti iliyomfikia kila mtu. "Alikuwa anafulia maji haya haya. Mara ya mwisho alipoyafulia nilikuwa nasoma shule. Tangu hapo tunanunua ya bomba, tunakaa hapa kuyanusa tu. Mwalimu, usimpindie mtu mstari kwa ajili ya mabeseni. Piga kigingi."

Dobi akakipiga yeye mwenyewe. Nyundo ya kwanza ilikwenda pembeni kwa sababu macho yalikuwa yamejaa, na hakujali nani anaona.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na mdomo wa kuomba kona. Mstari ulikwenda umenyooka ukapita kwenye mbao, ukapita vibanda vyote, na Muuza Mbao akahama akilalamika kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo. Siku mabeseni yalipovunjwa, mke wa Dobi alifagia vifusi mpaka yadi ikawa safi kama inangoja wateja. Kiwanja walichopewa nyuma ya soko kilikuwa kidogo, kimezibwa na kuta, na upepo haukijui. Nguo zilichelewa kukauka, wateja wengine wakahamia kwa dobi mwenye mashine, na kulikuwa na miezi ambayo Dobi na mkewe walikula kwa kuhesabu. Hilo lisemwe pia, maana watu wakisimulia habari hii hupenda kuliruka.

Mchanga ulizolewa. Mikoko ikapandwa, ikafa, ikapandwa tena. Mvua za mwaka wa kwanza zilifika sokoni, za mwaka wa pili zikaishia kwenye ngazi. Za mwaka wa tatu zilipita, zikaenda zao baharini, na wakunga wakafanya kazi na miguu mikavu.

Baada ya mvua hizo, Jumapili moja, Dobi alikwenda kukagua mikoko kama kawaida yake. Alipogeuka alimwona mkewe anateremka kuja majini, amebeba shuka moja jeupe kuukuu. Lilikuwa la mama yake, ambalo aliliweka kabatini miaka yote.

Dobi akatazama huku na huku. "Mke wangu. Kufua hapa ni marufuku. Wewe ndiye uliyenisomea."

"Nilikusomea nini? Kifungu kinasema nini?"

Akakikumbuka neno kwa neno. "Kinasema sabuni, dawa na rangi."

"Unaona sabuni?" Akamwonyesha mikono mitupu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaingia mpaka magotini, akalitumbukiza shuka, akalisuuza pole pole, na maji yalikuwa meupe kiasi kwamba Dobi aliona vidole vya miguu ya mkewe vikishika mchanga. Alipolinyanyua lilikuwa zito kwake peke yake.

"Mwenyekiti," akaita bila kugeuka, "utanikamata au utanisaidia kukamua?"

Dobi akakunja suruali, akaingia majini, akashika ncha ya pili.